Karkade na Vidonge vya Presha



Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa mama zetu ni hili: je, anywaye karkade kila siku aweza kuviacha vidonge vya presha? Huuliza kwa kuwa jirani amesema, na jirani naye aliambiwa.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na wataalamu wetu wa kale hawakutosheka na maneno ya kuambiwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), alitunga kitabu kizima juu ya dawa za moyo, na katika Qanun akaweka masharti ya kuijaribu dawa. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine. Athari yake ionekane kila mara, au mara nyingi, isije ikawa ni sadfa. Tena ijaribiwe juu ya mwili wa binadamu, kwani linalothibiti kwa simba au farasi huenda lisithibiti kwa mtu.

Karkade imepitishwa njia hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo. Baadhi yao walikunywa vikombe 3 vya karkade kila siku kwa wiki 6. Wenzao wakapewa kinywaji cha kufanana nacho, kisicho na karkade. Nambari ya juu ya presha ilishuka kwa takriban 7 kwa wale wa kwanza, na kwa 1 tu kwa hawa wa pili. Basi waliolisifu ua hili hawakusema uongo.

Lakini ni nani waliojaribiwa? Hilo jirani hakulisema. Walikuwa ni watu wasiotumia dawa za presha kabisa. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge vyake. Mama mwenye 180, akipunguziwa 7, abaki na 173, nayo ni hatari ya kiharusi ingawa mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Anayeipenda karkade na ainywe pamoja na vidonge vyake, baada ya kumweleza daktari, kwani viwili hivyo vikikutana presha yaweza kushuka kupita kiasi. Sukari tunayoimiminia, kwa mazoea yetu ya sharubati, ipunguzwe sana. Na mja mzito asiifanye dawa kabla ya kuuliza kliniki.