Kali, Mkali, Makali

Jioni moja mpwa wangu alinijia nyumbani Makongeni, Thika, vidole vimefungwa bendeji. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, akapata kibarua katika kiwanda kimoja cha sabuni. "Lakini mjomba," akalalama, "niliambiwa tu ni kali!"

Hapo, ndugu msomaji, nikaona neno hili halina budi kujadiliwa.

Kwanza sarufi, maana wanafunzi hukosolewa hapa mara nyingi. Kivumishi hiki hufuata ngeli ya nomino: kisu kikali, mwalimu mkali, maneno makali. Kwa nomino kama jua na panga, umoja haupati kiambishi. Ndiyo maana jua kali ni sahihi nalo kisu kali ni kosa, hata kama utalisikia katika kila bucha kutoka hapa hadi Ruiru. Makali nayo ni nomino pia: upande wa kisu unaokata.

Matata yako kwenye maana. Panga kali hukata, mbwa mkali huuma, pilipili kali huwasha, siki kali hukunja uso, dawa kali huponya au huua. Neno linakwambia kitu kina nguvu, lisikwambie nguvu hiyo itakufanya nini. Vijana nao wamelifanya sifa: ngoma kali, matatu kali. (Mafundi wa jua kali wao waliitwa hivyo kwa kufanya kazi juani, si kwa ubovu wa kazi, ingawa wapo wanaolitumia jina hilo kuwadharau.)

Basi msimamizi alimwonyesha kijana pipa la kostiki iliyoyeyushwa, akasema akipita, "Hii ni kali sana." Kijana akadhani bidhaa inasifiwa. Akachovya vidole. Vikateleza, akaamini ni sabuni tayari. Na kwa kweli ilikuwa ikiundwa pale pale, maana kostiki hugeuza mafuta kuwa sabuni, yakiwemo ya ngozi. Wengi huiita asidi, kumbe ni kinyume chake. Ikikugusa, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu. Siki na limau usithubutu.

Nilimuuliza angependa angeambiwaje.

"Angesema inababua ngozi, mjomba. Ningevaa glavu."

Glavu zenyewe, akaniambia, zilikuwa zimetundikwa ukutani nyuma yake.