Kutia Saini si Kuwa Mwaminifu

Imekuwa itikadi ya wenye makampuni, na ya wengi wanaowasikiliza, kwamba kampuni ikisha kuandikiwa kitabu cha maadili, kila karani akakitia saini na kuhudhuria mafunzo yake mwaka kwa mwaka, basi amana imekwisha kupata makao humo. Itikadi hiyo naikataa katakata, kwa kuwa imewaponza watu wengi mno.

Enron, kampuni ya nishati ya Houston, ilikuwa na kitabu hicho, cha kurasa 64, nacho kilitanguliwa na barua ya mwenyekiti wake, Kenneth Lay, ya Julai 2000, iliyotaja uadilifu kwa taadhima. Lakini mwaka 1999 halmashauri ya wakurugenzi ilikuwa imekwisha kuiweka kando kanuni yake yenyewe, tena mara mbili, ili mkuu wa fedha, Andrew Fastow, apate kuendesha ubia wake uliofanya biashara na kampuni ile ile aliyokabidhiwa hazina yake. Desemba 2001 Enron ikafilisika.

Benki ya Wells Fargo nayo ilikuwa na mafunzo, na ilikuwa na simu ya kuripoti maovu. Karani wake alijua kwamba kumfungulia mteja akaunti asiyoiomba ni haramu. Ila karani huyo huyo alidaiwa kila siku hesabu ya alichouza, shabaha ya wakubwa ikiwa kila mteja awe na huduma 8, na aliyepungukiwa aliitwa ajieleze. Sasa kanuni na hesabu zilipogongana, ni ipi iliyoshika riziki yake? Mwaka 2016 benki ikatozwa dola milioni 185 kwa akaunti zipatazo milioni 2 zilizodhaniwa kufunguliwa bila idhini, watumishi wapatao 5,300 wakiwa wamekwisha kufukuzwa. Na wako watumishi wa zamani walioeleza kwamba kosa lao lilikuwa kuipiga simu ile.

Anayetaka maadili, basi, na aanze kwenye daftari la malipo: afute tuzo inayomshurutisha mtu kuhini, na habari za maovu azipeleke kwa wakurugenzi moja kwa moja, zisipitie mikononi mwa mkubwa anayelalamikiwa. Mkurugenzi akinionyesha kitabu chake kilichojaa saini, nitamwomba anitajie watu watatu wa mwisho walioripoti uovu katika kampuni yake, kisha anieleze leo wameketi meza gani, na wanapokea mshahara gani.