Ndege, Upepo na Mshale



Mzazi mmoja wa hapa Hockley alinijia na binti yake anayejiandaa kwa mtihani wa A-level. Binti alikuwa ameazimia kuliacha somo la hisabati, na pamoja nalo azma yake ya uhandisi, kwa ajili ya swali la ndege iliyopigwa na upepo. Nilipolitazama daftari niliona hesabu safi. Kosa lilikuwa moja tu. Swali lilitaja upepo wa magharibi, naye akachora mshale unaoelekea magharibi.

Upepo huitwa kwa mahali utokako, si uendako. Nilimwuliza kaskazi huvuma kutoka wapi. Akajibu bila kusita, maana bibi yake ni mtu wa Tanga: kutoka kaskazini. Basi mshale wake huelekea kusini!

Tukaanza upya kwa safari ya Tanga hadi Pemba, takriban kilomita 80 kuelekea mashariki. Ndege ndogo yaenda kilomita 200 kwa saa katika hewa. Kaskazi (tuseme yatoka kaskazini barabara) yavuma kilomita 40 kwa saa. Wengi hujumlisha wakapata 240. La hasha. Vekta ina ukubwa na mwelekeo, hivyo mkia wa mshale wa pili huungwa kwenye ncha ya ule wa kwanza. Rubani akielekeza pua mashariki moja kwa moja, baada ya dakika 24 atakuwa amesukumwa kilomita 16 kusini mwa shabaha yake.

Hana budi kuikabili kaskazi kidogo. Gawanya 40 kwa 200, upate 0.2, ambayo ni saini ya pembe ya nyuzi 11.5. Kasi yake juu ya ardhi ni kipeuo cha pili cha 40,000 kutoa 1,600, yaani kama 196.

Asiyesadiki na aende uwanja wa ndege wa Birmingham siku ya upepo wa kusini-magharibi. Njia ya kurukia pale imelala kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, nao upepo huikata ubavuni. Ndege huja kutua zikienda upande kama kaa.

Binti ameyamaliza maswali yote ya sura ile, na somo hakuliacha. Ninyi nawaachia safari ya kurudi Tanga, upepo ukiwa wa kusi, kilomita 60 kwa saa. Pua ielekezwe wapi?