Kisangani: Kura ya kabila imewalinda nani Lubunga?

Uchaguzi ukikaribia, wanasiasa wengi wa Kisangani wanavuka mto kwenda komine ya Lubunga. Mmbole anaambiwa amchague Mmbole mwenzake, Mlengola naye vilevile. Barabara, maji na shule vinasahaulika.

Matunda yake ni nini? Februari 2023, ugomvi wa ardhi iliyotolewa kwa kampuni uligeuka mapigano kati ya jamii hizo mbili. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, maelfu wakakimbilia ng'ambo ya mto. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo raia waliitwa kupiga kura, na kuchagua pia washauri wa komine. Wengi walikuwa bado wahami.

Anayesema kura ya kabila inalinda kabila, ajibu: imelinda nyumba ya nani? Mvua inamnyeshea mhami Mmbole sawasawa na mhami Mlengola.

Mwaka 2028, kila mgombea aulizwe kwanza: ugomvi wa mashamba utamalizwa namna gani, na waliokimbia watarudi lini? Asiyejibu asipewe kura, hata akiwa ndugu wa damu.