Mgeni aonyeshwe nchi, siyo migodi tu

Mgeni akifika Lubumbashi, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni bomba refu la moshi la Gécamines na kile kilima cheusi kilicho kando yake. Anapiga picha, kisha anapelekwa hotelini. Akirudi kwao atasema Katanga ni nchi ya migodi. Hatakuwa amesema uongo. Lakini ni sawa na kumkaribisha mtu nyumbani, ukamwonyesha sanduku la pesa, usimtambulishe kwa baba wala mama.

Nchi hii ina wenyewe, na ina habari ndefu. Mji ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, juu ya ardhi ya Balamba. Mwaka 1966 ukapewa jina la mto wake, Lubumbashi. Shaba haikungoja Wazungu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale kule Sanga, kwenye ziwa Kisale, katika nchi ya Baluba. Walikuta wafu waliozikwa na vyungu vizuri, na wengine na misalaba ya shaba. Watu hao walijua kazi ya shaba karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Misalaba ya namna hiyo ilikuwa mali: ilitumika katika biashara na katika mahari.

Sasa kuna mgeni wa namna nyingine, ambaye hakuna anayempigisha picha. Ni mama aliyekimbia Mitwaba au Pweto na watoto wake, au familia iliyotoka Kivu kwa sababu ya vita, ikapanga chumba kimoja Ruashi au Katuba. Yeye anaulizwa tu: "Wewe ni wa wapi?" Mara nyingi swali hilo si la kumkaribisha.

Katanga inajua swali hilo linaweza kufika wapi. Mwaka 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine. Wengi wao walizaliwa hapa. Wengine walikufa kwenye vituo vya reli wakingojea treni. Kwa hiyo wapo wanaosema habari za makabila ziachwe kabisa, kwamba kumfundisha mtoto nchi ni ya nani ni kupanda mbegu ya fujo.

Hofu hiyo ina sababu, ila dawa yake si kunyamaza. Watu wakinyamaza, habari ya nchi inabaki mikononi mwa wanasiasa, na wao wanaitoa wakati wa uchaguzi tu.

Habari yenyewe ikisemwa yote, inakaribisha. Tuchukue Bunkeya, leo katika jimbo jirani la Lualaba. Mfalme wake Msiri hakuwa mzaliwa wa Katanga. Alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaja kwa biashara, akatawala. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold. Bayeke wanaikumbuka siku hiyo mpaka leo. Basanga nao wana upande wao: waliasi utawala wa Msiri kwa sababu ya ukali wake, na hilo nalo lisemwe. Hapo Bunkeya ndipo alipozaliwa Jean Bosco Mwenda mwaka 1930, mpiga gitaa ambaye wimbo wake Masanga ulijulikana mbali sana na Kongo. Kabila lililofika kama wageni limezaa mtoto ambaye Katanga yote inajivunia.

Hata mji huu ni hivyo hivyo. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai na Rwanda. Kiswahili cha hapa kilikomaa katika kambi zao. Anayesema leo kwamba yeye si wa kuja, amuulize babu yake kwanza.

Basi kifanyike nini? Jambo la kwanza halihitaji pesa nyingi. Makumbusho ya taifa yapo katikati ya mji. Shule zipeleke watoto pale, na watoto wa familia zilizokimbia wahesabiwe pamoja na wenzao. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili, siyo Kifaransa tu, ili mama asiyesoma naye aelewe. Wazee wa Balamba na Basanga waitwe waeleze nchi yao, na wapewe chochote kwa kazi hiyo.

La pili ni kubwa zaidi: aliyekimbia naye aulizwe habari ya kwao, lakini kwa sikio la kutaka kujua. Mtoto wa Kiluba anayedharauliwa kwa sababu analala kwa watu, akiona vile vyungu vya Kisale, atajua kwamba mababu zake walikuwa mafundi. Mwenzake wa Lubumbashi aliyesimama kando yake atajua pia. Watoto hao wawili wakirudi mtaani, swali la "wewe ni wa wapi?" litakuwa na jibu zuri la kusikiliza.

Bomba la Gécamines libaki kwenye picha. Lakini nyuma yake wawepo watu.