Miti ya Shosh Ilinilipia Karo, na Chuo Nikaacha

Wasee, wacha niseme ukweli: ile video yangu ya kupanda miti ilikuwa sarakasi tu.

Mnakumbuka 13 Novemba 2023? Serikali ikatupa holidei tupande miti. Nikavaa gambuti mpya, nikapanda mche, nikarekodi, mkanipea laiki kibao. Mwaka uliofuata nikarudi pale. Safu yetu yote imekauka. Mche mmoja bado ulikuwa na ile nailoni ya kitalu kwenye mizizi. Hakuna aliyeitoa. Hata mimi.

Sasa kuna hii sijawahi kuposti. Shosh alikuwa na miti saba mikubwa ya kienyeji kando ya mto. Nilipoitwa chuo, ikakatwa yote, ikauzwa mbao, ikawa karo. Nikasoma miezi kumi na minne, nikaacha. Simlaumu mtu, boma nyingi benki yao ni miti. Lakini ukingo wa mto ukaanza kumomonyoka, na mjomba akajaza pengo na mikaratusi juu inakua haraka. Mkaratusi ni poa kwa nguzo na kuni, ila unakunywa maji vibaya sana. Si mti wa kupanda mtoni. Saa hii kiangazi kikikaza, shosh anafuata maji mbali.

Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Fiti. Lakini miti iliyopandwa si miti iliyoishi. Wangari Maathai alijua hii kitambo. Green Belt Movement, aliyoanzisha 1977, ililipa akina mama kwa mche ulioshika, si uliochimbiwa shimo tu. Na 1999 alipigwa akavuja damu akitetea Karura, miti iliyokuwa tayari imesimama. Hiyo Karura unaendanga kupiga picha Jumapili.

Najua utaniambia, "Mimi niko bedsita, shamba nitoe wapi?" Shamba huna, lakini shosh unaye. Miti ya Kenya haikatwi tu na matajiri wa msituni. Mingi inaamuliwa kwenye vikao vya familia, Disemba, ukiwa pale umeinamia simu. Inua kichwa uulize: huu mti tunakata kwa nini? Tutapanda gani, wapi? Nani ataunywesha? Ibara ya 69 ya Katiba inasema kutunza mazingira ni wajibu wa kila mtu. Haijasema mwenye hatimiliki peke yake.

Disemba iliyopita niliuliza. Mjomba alininunia siku mbili, kisha akakubali: mikaratusi ya mtoni ikivunwa, machipukizi hatuachi. Nikapanda mikuyu minne, nikaizungushia miiba. Mbuzi alimaliza mmoja. Mitatu iko, na pesa ya maji nyakati za jua natuma mimi. Shosh alicheka akasema, "Sasa ndio umeanza kulipa ile karo."

Video sijafanya. Nitafanya ikinipita urefu.

Na wewe, ule mti wako wa 2023, umewahi kurudi kuuangalia?