Mgeni mwenye saa saba mkononi, mpelekeni kituoni

KITUONI
Na Bi Zuhura

Wapo watu katika jiji hili ambao kazi yao, bila kuajiriwa na yeyote, ni kuwatisha wageni. Mgeni akishuka kwenye ndege akiwa na saa sita au saba za kungoja ndege nyingine, hawamwonyeshi kituo cha basi. Wanamwambia akae. Akae hapo hapo, akodolee macho ubao wa safari, aondoke Dar es Salaam bila kuiona Dar es Salaam. Mimi nasema huo ni wizi. Simu ikiibwa hununuliwa nyingine, lakini asubuhi ya mtoto aliyepita mji wa bahari bila kuiona bahari, nani atamrudishia?

Jumanne nilimsindikiza mdogo wangu Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Jengo la Pili, anakwenda Mwanza. Baada ya kuagana nikakaa kwenye benchi la nje nipumzishe magoti. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja kijana na watoto wawili, binti wa darasa la tano na mdogo wake wa kiume wa darasa la pili. Wametoka Kigoma, wanakwenda Mtwara alikohamishiwa mume wake, mwalimu wa sekondari. Wametua saa tatu asubuhi, ndege ya Mtwara ni saa kumi jioni. Mizigo mikubwa imekwisha kupelekwa moja kwa moja, wao wamebaki na begi moja la mgongoni na chupa ya uji.

Yule mdogo akauliza, "Mama, bahari iko wapi?"

"Iko mbali, baba."

Mbali! Kutoka lango la uwanja ule hadi Kivukoni ni kilomita kama 12. Nikamuuliza mama nani amemwambia ni mbali. Kumbe amekwisha kuuliza watu. Shangazi yake wa Mbagala amemwambia kwa simu asithubutu kutoka, Dar wataibiwa watoto mikononi. Dereva mmoja wa teksi amemtajia shilingi 45,000 kwenda tu, kurudi ni hesabu nyingine. Wa tatu alikuwa kaka mmoja mwenye tai, amekaa mbele yetu, ambaye hata hakuulizwa. Akainua uso kwenye simu yake akasema, "Daladala si za kuzungukia mjini na watoto, dada. Kule ni kubanana na vibaka. Bora mpumzike tu."

Ningenyamaza angeishia hapo. Hakuishia. Akaanza kutusimulia jinsi mwaka juzi alivyongoja ndege Dubai, akapanda metro ile ya Njia Nyekundu kutoka uwanjani hadi kituo cha Burj Khalifa, akatembea, akapiga picha, akarudi kwa metro ile ile. Picha akatuonyesha. Amesimama ameshika bomba, nyuma yake wamejaa mafundi na wahudumu wa Kihindi na Kifilipino wanaokwenda kazini, amebanana nao kweli kweli, anatabasamu. Nikamuuliza mara ya mwisho amepanda daladala lini. "Nikiwa chuo, mama," akajibu, tena kwa fahari.

Metro ya Dubai ilifunguliwa mwaka 2009. Sisi tumebebana kwenye mabasi ya umma tangu mimi sijazaliwa. Lakini mtu wetu akibanwa na mfanyakazi wa ugenini anaita hiyo ni safari, na akibanwa na mama muuza mchicha wa Vingunguti anaita hiyo ni hatari. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua msimamo wangu juu ya jambo hili, na yule wa Buguruni anayeniandikia kila Jumapili ameshaniambia nina wazimu wa daladala. Sawa. Ila naomba mnisikilize leo.

Nikasema, "Mwanangu, inuka. Twendeni mjini."

Mama akasita, na alikuwa na haki ya kusita. Nikampa kitambulisho changu akakipiga picha, akamtumia mume wake. Mume akapiga simu. Akaniamkia shikamoo, kisha akanihoji: ninakaa wapi, mjumbe wangu wa nyumba kumi ni nani, nitawarudisha saa ngapi. Nilimpenda yule baba. Huyo ndiye mtu mwenye hofu ya kweli: anauliza maswali, akishajibiwa anaruhusu. Nikamwahidi saa nane watakuwa wamesharudi, akasema, "Haya mama, wanangu hao."

Tukatoka langoni kwa miguu hadi Barabara ya Nyerere. Magari yanayotoka Gongo la Mboto kwenda mjini hayakomi pale, na awamu ya tatu ya mabasi ya mwendokasi nayo imejengwa kwenye barabara hiyo hiyo hadi Gongo la Mboto. Ilikuwa imepita saa tatu na nusu, foleni ya asubuhi imelegea. Konda alipoona watoto akapiga bati gari lisiondoke, akambeba yule mdogo mwenyewe hadi ndani. Kijana mmoja mwenye ndoo ya rangi akampisha mama siti. Nauli haikufika shilingi 1,000 kwa kichwa.

Na sasa sikilizeni vitu watoto wanavyoona kwenye basi ambavyo hawawezi kuviona kwenye teksi iliyofungwa vioo. Pale Tazara binti akaona daraja la juu, Mfugale, lililofunguliwa 2018, akauliza ni la nini. Aliyemjibu si mimi. Ni mzee mmoja aliyekaa dirishani, fundi mstaafu wa reli, akamwonyesha na stesheni yenyewe ya TAZARA: "Ile reli inakwenda hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Wachina walikuja tukaijenga pamoja, kuanzia 1970." Akaendelea hadi Chang'ombe, mahandaki, madaraja, Mlimba, Makambako, na gari zima likawa linasikiliza. Jumba gani la makumbusho lina mwongozaji kama huyo, tena bila kiingilio?

Tulishuka Gerezani tukatembea hadi Stesheni, kwa sababu nilikuwa na shabaha yangu. Watoto wa Kigoma wanaijua reli. Wamekua wakisikia honi ya treni na wanajua kwamba kwao ndipo reli inapoishia, ziwani. Nikawasimamisha mbele ya jengo la stesheni ya zamani, Barabara ya Sokoine, nikawaambia: hii reli yenu inaanzia hapa. Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Binti akageuka akatazama upande wa magharibi kana kwamba angeweza kuiona nyumbani. Jirani pale limesimama jengo jipya la vioo la treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 na sasa inafika Dodoma, na mdogo wake alikuwa anavutwa na vioo. Lakini dada mtu alibaki na ile ya zamani.

"Na Liemba?" akaniuliza.

Hapo nilifurahi mno. Liemba, meli ya kwao, kila mtoto wa Kigoma anaijua. Nikawapeleka mahali inapoonekana bandari. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kwa maelfu, ikaja kwa meli nyingine hadi bandari hii hii, ikapakiwa kwenye reli hii hii, ikaungwa upya Kigoma na kuteremshwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaitwa Liemba. Yule binti ameipanda meli hiyo akiwa mchanga, mgongoni mwa mama yake. Hakuwa amepata kujua kwamba ilipita hapa ikiwa ndani ya masanduku. Alisimama ameshika wavu, hasemi kitu, na mama yake naye hasemi kitu, na mimi nikajisemea: hili ndilo wale watatu walitaka kuwanyima, kila mmoja kwa sababu yake.

Mengine tuliyapita haraka. Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeuanzisha mji huu. Kanisa la Mtakatifu Joseph. Tukakata kwenda Mtaa wa Samora kumwona Askari, sanamu ya shaba iliyosimamishwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza. Mdogo akataka kujua kwa nini bunduki yake imeelekea bandarini. Nikamwambia muulize mwalimu baba yako, na nina hakika ameshauliza.

Tukateremka kwa kanisa la Azania Front, tukafuata ufukwe hadi Feri. Asikudanganye mtu, sokoni Feri kuna tope na kelele, na wauzaji wanaita kwa nguvu. Mama alimshika mwanawe mkono, na mimi nikamshika binti. Tukala samaki wa kukaanga na muhogo. Kisha nikawashusha kwenye mchanga, mahali ambapo pantoni za Kigamboni zinakatiza mbele yako. Mdogo akavua viatu, akaingia hadi vifundo vya miguu, akachota maji kwa kiganja akayaonja kabla mama yake hajamkataza. Akatema.

"Yameharibika," akasema. "Ya kwetu ni mazuri."

Ni kweli, ya kwao ni mazuri. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani, na maji yake unaona mawe chini. Mtoto yule hakuja Dar kushangaa. Alikuja akalinganisha, akatoa hukumu yake, akaendelea kucheza. Sijui elimu nzuri kuliko hiyo.

Saa saba kasoro nikasema basi. Tukachukua mwendokasi Kivukoni, tukabadilisha Fire, tukashuka Gerezani na hapo tukapata gari la Gongo la Mboto. Saa saba na nusu tulikuwa uwanjani. Mume akapigiwa simu, watoto wakagombania kusimulia.

Sasa wale wa hesabu. Sisemi kila anayebadilisha ndege akimbilie mjini. Mwenye saa tatu akae alipo. Mwenye ndege ya usiku asijaribu kurudi uwanjani kwa Barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni, atalia kwenye foleni. Mizigo ikiwa haijapelekwa moja kwa moja, safari inakuwa nzito. Simu ikae mfuko wa mbele na mtoto ashikwe mkono, kama tunavyofanya sote kila siku tukienda Kariakoo. Wageni wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawadaiwi viza kwetu, kwa hiyo wakiwa na muda hawana kizuizi isipokuwa maneno yetu. Haya ni maarifa ya kawaida ya mji, na tunayo wote. Kwa nini mgeni tunampa hofu peke yake, na maarifa tunamficha?

Mimi jibu ninalo. Hofu hii imetoka kwenye magari madogo. Tulipoanza kuagiza ya mitumba kutoka Japani, kila aliyepata la kwake alihitaji sababu ya kutorudi kwenye daladala, na sababu iliyokuwa karibu ilikuwa kuwasema vibaya waliobaki ndani. Miaka ikapita, maneno yakawa ukweli wa mji. Leo mtu ambaye hajui hata rangi ya mstari wa gari la Gongo la Mboto anampa mgeni ushauri juu ya usalama wake. Waliobaki ndani ni nani? Ni konda aliyembeba mtoto wa watu kama wa kwake, ni fundi wa rangi aliyesimama safari nzima na ndoo yake, ni mzee wa reli. Ukimwambia mgeni awaogope hao, umewatukana watu walioushikilia mji huu.

Najua simu yangu itakavyokuwa kesho. Mtaniandikia kwamba nimecheza na maisha ya watoto wa watu, kwamba je, lingetokea la kutokea? Niandikieni, nitasoma yote. Ila kila ujumbe uanze na mambo mawili: mwaka ambao mwenyewe ulipanda daladala mara ya mwisho, na jina la kituo ulichoshukia. Asiyekumbuka kituo asinisumbue.